Kompyuta Mbele ya Sanduku la Mchanga

Mitambo inayochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa kila mwaka zaidi ya tani bilioni 35 za kabonidioksaidi, ambayo wengi huiita hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuongezeka kwa joto la dunia. Mojawapo ya njia za kuipunguza ni kuinasa kabla haijatoka nje, kuishindilia kwa pampu, na kuizika chini sana ardhini ndani ya miamba ya mchanga iliyojaa maji ya chumvi.

Jambo hili si ndoto. Tangu mwaka 1996, mahali paitwapo Sleipner katika Bahari ya Kaskazini, Norwe imekuwa ikizika hewa ya ukaa katika mwamba wa mchanga uitwao Utsira, ulio kiasi cha meta 800 hadi 1000 chini ya sakafu ya bahari. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikwenda kwa kiwango cha karibu tani milioni moja kwa mwaka. Katika kina kama hicho kanieneo ni kubwa, na hewa ya ukaa haikai tena kama hewa ya kawaida. Tani moja yake, ambayo juu ya ardhi hujaza zaidi ya meta za ujazo 500, huko chini huweza kutosha katika meta za ujazo moja na nusu au mbili hivi. Hata hivyo hubaki nyepesi kuliko maji, na kwa hiyo hujaribu kupanda.

Ndipo linapozuka swali zito. Hewa iliyozikwa yapasa kubaki chini kwa mamia na maelfu ya miaka. Je, nani awezaye kungoja miaka elfu ili ajue kama imebaki? Serikali inayotoa kibali, na watu wanaoishi juu ya mwamba huo, wanataka jibu leo. Jibu wanalopewa hutoka katika kompyuta.

Kielelezo cha kompyuta si picha ya ardhi, bali ni hesabu. Mwamba hugawanywa katika visanduku vidogo vingi, na kwa kila kisanduku kompyuta hukokotoa kiasi cha maji na hewa kinachoingia na kutoka. Msingi wa hesabu hiyo ni kanuni aliyoieleza mhandisi Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856, baada ya kupitisha maji katika mabomba yaliyojazwa mchanga: maji hupita kwa kasi inayolingana na tofauti ya kanieneo, na mchanga wenye chembe kubwa huyapitisha kwa urahisi kuliko ule laini. Juu ya kanuni hiyo huongezwa nyingine. Ya kwanza ni ile ya kapilari, yaani nguvu inayopandisha mafuta katika utambi wa taa. Mwanafunzi aweza kuielewa upesi kwa kupuliza hewa kupitia kitambaa kikavu, kisha kupitia kitambaa hicho hicho kilicholowa. Maji yaliyoshikwa katika vitundu vidogo huizuia hewa isipite. Kwa njia hiyo tabaka la chembe laini mno, likilowa maji, huwa kifuniko kinachoizuia hewa ya ukaa isipande.

Kanuni ya pili yahusu kuyeyuka. Hewa ya ukaa huyeyuka katika maji, kama katika chupa ya soda, na maji yaliyoiyeyusha huwa mazito kidogo kuliko mengine. Kwa hiyo huzama. Hayazami kama pazia lililonyooka, bali hushuka kwa michirizi mfano wa vidole, na maji mapya hupanda kuchukua nafasi yao. Hili ni jema kwa wazikaji, maana hewa iliyoyeyuka na kuzama haina tena haja ya kutoroka.

Sasa, ikiwa programu mbili za kompyuta zitatoa jibu lile lile, je, jibu hilo ni la kweli? Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani anajua kwamba watahiniwa wawili waweza kuandika jibu moja, na likawa kosa moja. Kulinganisha kompyuta na kompyuta huonyesha tu kwamba hesabu zimefanywa kwa namna moja. Ili kujua kama hesabu yafuata maumbile, hapana budi kuyauliza maumbile yenyewe.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norwe, walifanya hivyo kwa kujenga chombo walichokiita FluidFlower. Kwa umbo ni kama sanduku jembamba lililosimama wima, lenye upana wa karibu meta 3 na kimo cha karibu meta 2, na nafasi ya sentimeta mbili tu au zaidi kidogo kati ya uso wa mbele na wa nyuma. Uso wa mbele ni wa kioo. Ndani yake walimimina mchanga wa aina sita, kila aina ikiwa na chembe za ukubwa wake, wakapanga matabaka yenye mapindo na nyufa kwa kufuata sura ya miamba halisi ya chini ya bahari. Tabaka za mchanga laini mno zilikuwa vifuniko. Kabla ya kutumiwa, mchanga huo ulioshwa kwa asidi ili kuondoa chembe za chokaa, kwani chokaa ingaliichukua asidi ya hewa ya ukaa na kuharibu jaribio.

Maji ya sandukuni yalitiwa viashiria, yaani rangi zinazobadilika kwa kadiri ya asidi, kama litmasi inavyofanya. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka hugeuka asidi hafifu. Basi mtazamaji aliyesimama mbele ya kioo aliweza kuona kwa macho mahali penye hewa yenyewe, penye maji yaliyoiyeyusha, na penye maji yasiyoguswa. Hewa ilipulizwa kwa muda wa saa chache kupitia matundu mawili, kisha sanduku likaachwa, na kamera ikaendelea kulipiga picha kwa siku tano. Jaribio lilirudiwa mara tano katika mchanga ule ule. Uangalifu huo wastahili kusifiwa. Jaribio likifanywa mara moja tu, hapana ajuaye lipi ni tabia ya maumbile na lipi ni bahati ya siku hiyo. Na kweli, hata majaribio yale matano hayakulingana kabisa.

Wakati huo huo vikundi tisa vya watafiti kutoka Ulaya, Marekani na Australia, wakiwamo wa Delft, Stuttgart, Stanford na Melbourne, vilipewa maelezo ya sanduku: sura ya matabaka, vipimo vya kila aina ya mchanga, na ratiba ya kupuliza hewa. Hata unene wa nafasi ya ndani ulipimwa, kwa kuwa uzito wa mchanga na maji ulikuwa umeutanua uso wa kioo kidogo katikati. Vikundi havikuonyeshwa matokeo. Kila kimoja kilitakiwa kutabiri hewa itakusanyika wapi, ni kiasi gani kitayeyuka, na vidole vya maji mazito vitaenea lini. Tena kiseme ni kwa kadiri gani kina hakika na kila tarakimu.

Mara ya kwanza kila kikundi kilifanya kazi peke yake, na majibu yakatofautiana sana, ingawa wote walisoma maelezo yale yale na kutumia kanuni zile zile za fizikia. Baadaye vikundi vilikutana, vikajadiliana, na kutoa utabiri wa pili uliokaribiana zaidi. Ndipo picha za Bergen zikafunuliwa. Kwa jumla vielelezo vilipata sura ya mambo: hewa ilijikusanya chini ya mapindo, vifuniko vikaizuia, vidole vikashuka. Katika tarakimu, yaani kiasi gani na lini, tofauti zilibaki. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2023, na waandishi walitamka wazi kwamba kilichopimwa si programu tu, bali na watu wanaozitumia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha somo. Mtumiaji wa kompyuta huamua visanduku vyake viwe na ukubwa gani, na kisanduku kikiwa kikubwa kuliko kidole cha maji mazito, kidole hicho hakiwezi kuonekana katika hesabu. Huamua pia namna ya kugeuza vipimo vya kipande kidogo cha mchanga viwe sifa za tabaka zima. Maamuzi hayo hayamo katika kanuni ya Darcy. Tena, vikundi vilipokaribiana baada ya kujadiliana, huko kukaribiana peke yake hakukuwa ushahidi kwamba vimeukaribia ukweli. Sanduku ndilo lililokuwa na haki ya kuhukumu.

Lakini sanduku nalo lina mipaka yake. Ndani yake hewa ya ukaa ilikuwa hewa ya kawaida, katika joto na kanieneo ya chumbani, wala si ile iliyoshindiliwa ya Utsira. Mchanga ulikuwa huru, haukuwa jiwe. Kielelezo kilichofaulu mbele ya kioo hakijapata cheti cha kufaulu katika kina cha kilometa moja. Kimeonyesha tu kwamba hesabu zake za mtiririko, kapilari na kuyeyuka si za kubahatisha.

Walimu waweza kuigiza jambo hili darasani. Chukua chupa pana ya kioo, weka mpira mwembamba ufike chini, kisha mimina mchanga mkubwa, tabaka la mchanga laini, na mchanga mkubwa tena, huku chupa ikiwa na maji yenye rangi ya bromothimoli buluu. Tengeneza hewa ya ukaa kwa siki na magadi katika chupa nyingine, uipeleke kwa mpira huo. Chupa ya mchanga iachwe wazi juu, isije ikapasuka. Shule za pwani zijihadhari na mchanga wa ufukoni, ambao mara nyingi una vipande vya makombe na matumbawe. Tone la siki likitoa povu juu ya mchanga, mchanga huo haufai. Utafutwe wa mtoni. Kabla hewa haijaanza kuingia, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi, bila kumwonyesha mwenzake, rangi itabadilika wapi kwanza na baada ya dakika ngapi: kwa uchache ngapi, na kwa wingi ngapi. Karatasi zikusanywe na mwalimu. Kisha jaribio lifanywe, si mara moja, bali mara tatu.