Kuahirisha Kazi Nyingi kwa Mkupuo Mmoja

Chukua ofisi ya Bunia, mkoani Ituri, inayopanga kazi kwa teritwari: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Barabara ya taifa namba 27 iendayo Mahagi kupitia Djugu isipopitika, ziara zote za upande huo huahirishwa pamoja. Mtu wa mipango hukaa akifungua kazi moja moja na kubadilisha tarehe, mara intaneti inakatika kabla hajafika nusu.

Hana haja ya kuhangaika hivyo. Katika Asana, programu ya kupanga kazi, fungua kazi zako kama orodha, bofya ya kwanza, shikilia kitufe cha Shift, kisha bofya ya mwisho. Zote za katikati zitachaguliwa. Jira, programu nyingine ya aina hiyo, huruhusu kubadilisha hadi kazi 1,000 kwa mkupuo.

Kazi kubwa ni kuchagua. Usitegemee macho, tumia kichujio: teritwari ya Djugu, kazi ambazo hazijaanza, za wiki hii. Hilo huwezekana tu ikiwa kila kazi iliandikiwa teritwari yake tangu mwanzo. Jina kama “Ziara ya shule” haliisaidii programu. Kisha soma idadi iliyochaguliwa. Ulitarajia 18 na skrini inaonyesha 81? Simama, rudi kwenye kichujio.

Tarehe ndizo zinazoharibu mipango zaidi. Ukichagua kazi zote na kuziwekea Jumatatu ijayo, kupeleka vifaa, mafunzo na ufuatiliaji vyote vitaangukia siku moja, na mpangilio uliojengwa kwa wiki nzima utapotea. Unachotaka ni kuzisogeza kwa idadi ileile ya siku. Kama programu yako haina njia hiyo, Google Sheets inayo: ikiwa orodha yako iko humo na tarehe ziko safu ya B, andika =B2+7 kwenye safu tupu, buruta fomula hadi chini, halafu nakili matokeo na uyabandike kama thamani tupu juu ya tarehe za zamani. Kila kazi itasogea siku saba na mfuatano utabaki.

Toa kwanza kazi ambazo tarehe yake haiamuliwi na ofisi. Katika mlipuko wa Ebola wa Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliogusa Ituri na Kivu Kaskazini, mtu aliyekutana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21 tangu mara ya mwisho walipokutana. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Orodha ya namna hiyo haisogezwi kwa mkupuo hata kama barabara imefungwa; anayetafutwa ni mtu mwingine wa kumfikia yule aliye upande wa pili.

Ukibadilisha lebo kwa mkupuo, angalia kama programu inaongeza au inafuta zilizopo na kuweka mpya. Jira hukuuliza; ukichagua kufuta, lebo za zamani za kazi zote hizo zinaondoka.

Wafikirie pia wenzako walioko Komanda au Aru wakitumia mega walizonunua wenyewe. Kazi 40 zikibadilika, wanaweza kupokea barua pepe 40. Kabla ya kuthibitisha, Jira huonyesha kisanduku cha kutuma taarifa hizo. Ondoa alama yake, kisha waandikie ujumbe mmoja unaoeleza kilichoahirishwa na sababu yake.

Hakikisha pia saa za eneo zimewekwa sawa kwenye akaunti. Bunia iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, hivyo kazi ya kukamilishwa saa 5:30 usiku kwa saa za Kinshasa, huku ni saa 6:30, na kalenda imeshahamia tarehe nyingine.

Kabla ya kuthibitisha, pakua nakala ya orodha kwenye kompyuta. Ukishathibitisha, usifunge ukurasa mara moja mtandao ukiwa dhaifu. Fungua kazi mbili tatu kwa simu uone kama tarehe mpya zimefika huko.