Joto la Injini ya Pikipiki Milimani

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo wanaijua vema kazi ya pikipiki. Huchukua ndizi na maharage kupeleka sokoni, na wagonjwa kuwapeleka kwa mganga. Lakini wenye pikipiki wengi hawajui adui yake mkubwa, naye ni joto.

Tufikiri mfano. Kijana amempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye anapanda usiku kutoka bonde la Ruvubu kwenda hospitali ya Murgwanza. Katikati ya mlima injini inapungua nguvu na kutoa harufu ya kuungua. Kijana anazidi kuilazimisha, mara inakwama kabisa. Mama yu njiani gizani, na pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Hasara hiyo ingaliweza kuzuiwa.

Joto hutoka wapi? Petroli iwakapo ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000. Alumini huyeyuka kwa digrii 660 tu, na pistoni imefanywa kwa alumini. Basi injini huokoka kwa sababu moja, yaani joto huondolewa upesi kuliko linavyoongezeka. Kazi hiyo hufanywa na upepo na oili. Tazama silinda ya pikipiki ndogo, utaona mabati membamba yaliyopangwa kama mapezi ya samaki. Hayo hulitoa joto na kulikabidhi upepo. Oili nayo hulainisha vyuma visisagane, tena huchukua joto la ndani kulileta nje. Mmoja wa hao wawili akikosekana, pistoni huvimba kwa joto na kushikamana na silinda. Ndipo mafundi husema injini imenoki.

Sasa tutazame mambo yazidishayo joto katika nchi yetu ya vilima.

Kwanza, kupanda mlima kwa gia kubwa na mzigo mzito. Injini hufanya kazi nyingi, na mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo haupatikani. Badili gia mapema, kabla injini haijaanza kugonga na kutetemeka. Mlima ukiwa mkali, punguza mzigo, ukaupande mara mbili.

Pili, kufuata nyuma ya lori lipandalo polepole, kama ilivyo desturi katika barabara ya Lusahunga hadi Rusumo. Hapo hupati upepo safi, bali joto na moshi wa lori. Kaa mbali nalo, au simama kando hata lipite.

Tatu, tope. Masika, udongo mwekundu huingia katikati ya mapezi na kukauka. Injini iliyofunikwa hivyo ni kama mtu aliyevaa blanketi juani. Osha mapezi, lakini injini iwe imekwisha poa.

Nne, oili iliyopungua au iliyochakaa. Pikipiki ndogo huchukua kama lita moja tu, kwa hiyo upungufu mdogo ni jambo kubwa. Pima kila asubuhi mahali palipo sawa, kwa jinsi kitabu cha pikipiki kielezavyo.

Tano, kasoro za ufundi: hewa ivujayo karibu na kabureta, klachi iteletayo, breki isiyoachia gurudumu. Hizo mpelekee fundi mapema.

Je, joto likizidi safarini, ufanyeje? Dalili zake ni nguvu kupungua, mlio wa kugonga, harufu ya kuungua, na injini kuendelea kunguruma baada ya kuzimwa. Uonapo mojawapo, simama kivulini, uzime, umshushe abiria. Ngoja nusu saa au zaidi. Kisha pima oili, uongeze ikipungua.

Lakini usiimwagie maji hata kidogo! Kila mfinyanzi ajua kwamba chungu kilichotoka motoni kikimwagiwa maji hupasuka. Chuma nacho kikipoa ghafla upande mmoja hujikunja au kupata ufa, na ufa huo haushonwi. Na ikiwa pikipiki yako ni ile kubwa ipoozwayo kwa maji, usifungue kifuniko cha rejeta ingali ya moto, maana maji yatakurukia usoni.

Mwisho, mwangalie abiria wako. Bomba la moshi huunguza mguu kwa kugusa mara moja. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Basi ndugu dereva, injini haiui safari bila kutoa habari kwanza. Asimamaye nusu saa kivulini hufika. Akataaye kusimama husukuma pikipiki yake mpaka nyumbani.