Presha kuka: alumini au stili?

Kwa maharage, makande na supu ya kongoro, alumini inatosha. Ni nyepesi, bei yake nafuu, na hupitisha joto upesi, kwa hiyo gesi haipotei bure. Adui yake ni uchachu: nyanya, ndimu na ukwaju huila, ikapauka na kutia chakula ladha ya chuma. Usilaze mchuzi humo. Magadi nayo huila vilevile, na wengi tumezoea kuyatia kwenye maharage. Ukiwa na presha kuka, achana na magadi kabisa, maharage yataiva tu.

Anayepika vya nazi na ukwaju kila wiki ajikaze anunue stili. Ni ghali na nzito, ila hudumu miaka mingi. Kagua kitako kwanza: kikiwa chembamba, chakula kitaungua chini. Kwa jiko la induksheni, nenda dukani na sumaku. Isiponata kitakoni, sufuria haitapata moto.

Yoyote utakayochukua, uliza kama mpira wa kifuniko unapatikana hapo hapo. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, maana povu huziba tundu la mvuke.