Umoja na kivuli: somo kwa waongozaji wa vikundi vya mazungumzo, Likasi



Katika vikundi vyetu vya mazungumzo hapa Likasi kuna neno ambalo watu hulitoa mapema kuliko mengine yote: «Sisi wote ni moja.» Mkatoliki analisema, mpentekoste analisema, mzee wa Kiislamu naye analisema. Katika somo hili tutatazama neno hilo limetoka wapi, na wakati gani linadhuru badala ya kuponya.

Kwa watu wa Katanga fundisho la umoja lina historia yake. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Aliandika kwamba kwa Muntu, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo haikai peke yake. Inaongezeka au kupungua kwa njia ya wengine: wazazi, wazee waliokufa, watoto, hata vitu. Mtu aliyejitenga kabisa ni wazo tu, hayupo. Tangu 1953, huko Kolwezi, mafundisho yake yalizaa Jamaa, kundi la waume na wake Wakatoliki, wengi wao familia za wafanyakazi wa Union Minière. Waliitana Baba na Mama, wakafundishana kwa Kiswahili cha kambini juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kambini watu walitoka makabila mengi. Ubaba na umama huo ulivuka kabila.

Dini nyingine zilifika karibu na hapo. Shankara wa India, katika karne ya 8, alifundisha kwamba utengano tunaouona kati ya vitu ni maya, yaani kiinimacho. Masufi wanaomfuata Ibn Arabi, aliyekufa mwaka 1240, husema juu ya umoja wa kuwapo. Wanavikundi wetu hawahitaji maneno hayo makubwa, lakini swali ni lile lile: katika tunayoyaona, kipi ni mwili na kipi ni kivuli?

Likasi ilijibu swali hilo kwa uchungu. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Vijana wa UFERI, chama cha Nguz na cha gavana Kyungu wa Kumwanza, wakaanza kufukuza Wakasai katika mji wetu. Waliwaita «bilulu», yaani wadudu. Familia zililala penye kituo cha gari la moshi na shuleni, zikingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Sasa tuchunguze hilo neno «mgeni». Wasanga walikuwapo hapa mbele ya kampuni, hiyo ni kweli na iheshimiwe. Lakini mji wenyewe, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulizaliwa na migodi. Kampuni iliandika wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, na vilevile kutoka vijiji vya mbali vya Katanga. Reli ya kutoka upande wa Kasai ilikamilika 1928, na waliokuja waliitwa, hawakuvamia. Wengi wa waliofukuzwa 1992 walizaliwa hapa hapa. Tena Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga wana jina moja na lugha za ukoo mmoja. Mstari wa jimbo ndio uliowagawa. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mji huu mwaka 1941 na kufariki 2025, alieleza katika kitabu The Invention of Africa (1988) jinsi picha ambazo wengine wametuchorea zinavyogeuka kuwa ukweli. Alimchunguza humo hata Tempels.

Lakini hapa waongozaji wengi wanateleza. Wanasema: kama utengano ni kivuli, basi na maumivu ni kivuli, tusameheane, turudi nyumbani. Aimé Césaire alimshambulia Tempels kwa jambo la namna hiyo mwaka 1950: kuwasifia watu falsafa yao huku mshahara, nyumba na chakula vikiwekwa kando. Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Katika kikao kimoja huko Kikula, mama mmoja alisikiliza wote wakihubiri umoja, kisha akauliza: «Kama sisi ni moja, lupango yangu iko wapi?» Hakuna aliyemjibu. Jina «mgeni» lilikuwa kivuli. Kiwanja kile na nyumba ile havikuwa kivuli.

Kwa hiyo usianze kikao na neno umoja. Acha kila mtu aeleze babu yake alitoka wapi, na kazi gani ilimleta. Usisahihishe, usikimbize, saa nzima si nyingi. Kisha uliza ni nani aliyemwambia kwa mara ya kwanza kwamba jirani yake ni mgeni, na alikuwa na umri gani siku hiyo. Mambo ya viwanja yaandikwe pembeni ili yafuatwe mahali pake, na usimwahidi mtu kitu.

Tangu vita ya Kamwina Nsapu ya 2016 na 2017, watu wa Kasai wamekuja tena kwa reli, na maneno ya zamani yanarudi midomoni. Mtu akisema «bilulu», simamisha mazungumzo, umwombe ataje kwa jina mtu anayemfikiria, na nyumba anamokaa. Kikao cha pili kianze na swali la yule mama.