Kumbukumbu, Hifadhi na Anwani: Tatizo la Istilahi katika Usanidi wa Seva za Barua Pepe

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza matumizi ya neno kumbukumbu katika maelezo ya usanidi wa seva za barua pepe. Hoja yetu ni kwamba neno hili limebebeshwa dhana tatu zinazopaswa kutenganishwa: vibao vya kumbukumbu vilivyopachikwa katika seva, nafasi ya diski, na idadi ya anwani ambazo programu inaweza kuzifikia. Dhana hizo zikichanganywa, fundi hununua vibao mahali panapohitaji mpangilio.

2.0 Mfano wa Exchange Server 2003

Mfumo wa Windows wa biti 32 uliweza kutaja anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4. Kwa kawaida, nusu ilitengewa kiini cha mfumo na nusu ikaachiwa programu inayoendeshwa. Kwa hiyo, hata seva ikiwa na vibao vya gigabaiti 8, programu iliyohudumia visanduku vya barua ilibaki na gigabaiti 2 za anwani. Katika seva za namna hiyo zenye gigabaiti 1 au zaidi, ilishauriwa kuandika swichi ya /3GB katika faili la boot.ini. Swichi hiyo iliipa programu gigabaiti 3 na kukiachia kiini gigabaiti 1. Katika Windows Server 2003 iliongezwa /USERVA=3030, iliyoshusha fungu la programu kutoka megabaiti 3,072 hadi 3,030 na kukirudishia kiini megabaiti 42. Yote haya yalifanyika bila kugusa kibao hata kimoja. Swichi hizo zilikosa kazi katika Exchange Server 2007, iliyotumia biti 64.

3.0 Uchambuzi

Katika lugha ya kawaida, kumbukumbu ni kitu kinachodumu: kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zisipotee. Kumbukumbu ya seva, kinyume chake, hufutika umeme unapokatika. Kinachodumu ni kile kilichoandikwa katika diski. Maana ya awali ya neno humwelekeza msomaji kwenye diski, ilhali mwandishi anakusudia vibao.

Dhana ya tatu ina utata wake. Mtu akisema nafasi ya anwani katika muktadha wa barua pepe, msomaji atafikiria anwani za wapokeaji barua.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza kumbukumbu itumike kwa vibao pekee, hifadhi kwa diski, na nafasi ya anwani za kumbukumbu kwa dhana ya tatu. Istilahi hii ya mwisho ni ndefu, na kanuni ya ufupi ingeikataa. Hata hivyo, ufupi na uwazi vinapogongana katika maandishi ya kiufundi, uwazi ndio unaostahili kupewa nafasi ya kwanza, kwani gharama ya utata hulipwa na msomaji.