Kufunga chusa cha samaki wakubwa

Wavuvi tunaofanya nao kazi pwani ya Tanzania hutueleza kilio kimoja: jodari amevutwa kwa mshipi hadi ubavuni mwa ngalawa, kisha ndoana inachomoka. Hapo ndipo chusa kinapohitajika. Lakini kikifungwa vibaya, kinaweza kumvuta mvuvi baharini. Tuzingatie haya:

1. Kichwa. Kisigongomewe kwenye mti. Kichomekwe tu, kikae imara wakati wa kurusha na kiachane na mti kikishazama mwilini. Mti ukibaki umeshikamana nacho, samaki akijipinda hukichomoa.

2. Kamba. Ifungwe katikati ya kichwa. Ikivutwa, kichwa hujilaza kingamo chini ya ngozi, hakitoki. Mti uwe na kamba yake nyembamba ya kuurudisha.

3. Boya. Mwisho wa kamba tufunge dumu tupu la lita 20, lililozibwa vizuri. Dumu ndilo limchoshe samaki, si mkono wa mtu.

4. Kapu. Kamba ikunjwe ndani ya kapu. Asiwepo wa kuikanyaga wala kuizungusha mkononi. Kisu kikali kiwe karibu.

Tusubiri samaki achoke, kisha tulenge mgongo, nyuma ya kichwa. Kasa, nguva na pomboo wasiguswe, sheria inawalinda. Kabla ya kutengeneza chusa, tumwulize ofisa uvuvi kama kinaruhusiwa katika eneo letu.

Tujadiliane: Katika chombo chetu, nani hukata kamba mwenzake akinaswa? Je, anajua kisu kilipo?