Vali Iwe Juu, Chini Paachwe Wazi

Wanaojiundia nyambizi ndogo ya mtu mmoja au wawili hukesha na hesabu za ganda na mota, kisha vali za matangi ya kuzamia huzichagua mwishoni, kana kwamba wanafunga bomba la bafuni. Mimi ningeanza na vali. Msimamo wangu ni huu: kila tangi la nje liwe na matundu chini yasiyofungwa kamwe, na juu liwe na vali moja ya kutolea hewa inayojifunga yenyewe ukiiachia. Kingine chochote kinachoongezwa kwanza kijitetee.

Tangi la namna hii hufanya kazi kama kikombe kilichofudikizwa majini: hewa iliyomo ndiyo inayoyazuilia maji njia. Ifungulie hewa juu, maji yatapanda yenyewe. Kwa kuwa chini pako wazi, presha ya ndani hulingana na ya bahari, ndiyo maana bati jembamba au faibaglasi inatosha. Sasa tia vali chini, ifunge, upande kutoka mita 20 tangi likiwa na hewa. Hewa hiyo ilikuwa chini ya presha mara tatu ya ile ya juu ya maji. Isipopata pa kutokea, itausukuma ukuta wa tangi kwa nguvu inayofikia tani 20 kwa kila mita ya mraba. Bati litapasuka. Wapo wanaosema kwamba chini pakiwa wazi, mawimbi yakiyumbisha chombo hewa itaponyoka. Ni kweli, huponyoka upande ulioinuka. Lakini dawa yake ni kuligawa tangi kwa kuta za ndani, kuyaweka matundu mahali pa chini kabisa, na kuongeza hewa kidogo kutoka mtungini.

Ukubwa wa vali nao una hesabu yake. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo msukumo uleule huipitisha hewa kwenye tundu kwa kasi ya karibu mara 28 ya maji. Vali ya milimita 25 inalitosha tangi la lita 300. Matundu ya chini ndiyo yawe makubwa, na kwa mbali. Kinachosumbua zaidi ni mahali pa vali. Isipokuwa kwenye kilele halisi cha tangi, hewa hubaki pembeni. Lita 10 zilizobaki huwa lita 5 ukifika mita 10, na chombo ni kizito kwa kilo 5 hivi kuliko kilivyokuwa juu. Kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyozidi kutaka kushuka. Rubani atadhani amekosea kupanga uzito, kumbe ni fundi aliyechomea vali pembeni.

Wengine hupenda kulipitisha bomba la hewa ndani ya ganda ili koki iwe karibu na mkono. Ni raha, lakini gharama yake ni kubwa. Vali iliyokaa juu ya tangi, nje, hubeba tofauti ndogo tu ya presha. Ileile ikiwa ndani, kwenye mita 50 husukumwa kwa takriban baa 5, na bomba likikatika bahari inaingia chumbani. Hunley, nyambizi iliyozama mwaka 1864 huko Marekani, ilikuwa na matangi ya ndani yasiyo na kifuniko, hivyo maji yakizidi yaliwamwagikia mabaharia. Acha bahari nje, upitishe kwenye ganda ufito mmoja tu wa kufungulia vali, wenye oringi ya kuzuia maji. Vali ya umeme? Sawa, mradi umeme ukikatika ijifunge. Ikigoma kufunguka, huwezi kuzama, basi. Ikigoma kufunga, hewa yote unayopuliza tangini kusukuma maji nje inatokea juu.

Hewa ya kupulizia nayo iwe kavu. Nyambizi ya Marekani Thresher ilipozama mwaka 1963 na watu 129, majaribio yaliyofuata bandarini kwenye nyambizi mwenzake, Tinosa, yalionyesha barafu ikiziba vichujio vya mabomba ya hewa, kwa sababu hewa inayotanuka ghafla hupoa na unyevu wake huganda. Kwa hiyo vali nzuri haikuondolei haja ya uzito wa kudondosha dharura inapotokea, na uzito huo usitegemee umeme wala mtungi: uachiwe kwa mkono, kutoka ndani.